Nazungumza Kihispania kama nasoma kitabu, wageni wananijibu kwa Kiingereza

Shangazi, shikamoo.

Mimi natembeza wageni hapa Mji Mkongwe. Kihispania nilikianza kwa programu ya kwenye simu, baadaye nikapata mwalimu wa kunisomesha, na kitabu changu cha sarufi nimekisoma mpaka jalada limebanduka. Vitenzi navijua, hata vile vikaidi. Nikipewa mtihani wa kuandika sina wasiwasi.

Kazi iko kwenye mazungumzo. Mwezi wa Agosti, Wahispania wanapokuwa likizoni, tunawapata wengi. Naanza nao vizuri, wananisikiliza, wananiambia "hablas muy bien", unazungumza vizuri sana, halafu hapo hapo wanageukia Kiingereza. Yaani wananisifu kwa Kihispania na kunijibu kwa Kiingereza! Wakizungumza wenyewe kwa wenyewe naelewa karibu yote, lakini sipati pa kuingilia. Mpaka nimalize kuipanga sentensi yangu kichwani, wao wameshafika kwenye habari nyengine.

Juzi nilikwenda kiwanja cha ndege kupokea familia moja: baba, mama, bibi yao na vijana wawili. Wamechoka, macho mekundu. Mimi, kama mtu niliyelelewa, nikaona niwape pole ya safari. Nikasema: "Lo siento por el viaje." Mama akashtuka, akaniuliza kuna nini, hoteli imefanya nini? Ikabidi nimtulize kwa Kiingereza, na kutoka hapo mpaka wanaondoka hatukurudi tena kwenye Kihispania.

Sasa nina mwenzangu, darasani hajakaa hata siku moja. Kihispania chake amekiokota Nungwi, kwenye boti za wazamiaji. Nyakati anazichanganya, "jana nitakwenda" kwake ni jambo la kawaida. Lakini wageni wanavyomganda! Wanacheka naye, wanamwita akale nao Forodhani. Ukimsikiliza, maneno yenyewe ni hayo hayo machache: "claro", "qué va", "a ver", "pues nada".

Kuna aliyenishauri niwe nasema "tío", kama vijana wetu wanavyosema "mshikaji", kila baada ya maneno mawili, na mwengine kaniambia nikaze lafudhi ya Madrid. Halafu kuna jambo linanitia haya. Yule bibi ni mtu mzima wa umri wa bibi yangu, nimwite "tú", ile "wewe" ya kawaida? Mimi nilikuwa namwita "usted", "wewe" ya heshima, tena "señora" na jina lake la kwanza, na wajukuu wake wakawa wanachekana.

Nifanye nini, Shangazi?

Ulimi Mzito,
Malindi, Unguja

* * *

Marahaba mwanangu.

Nianze na hiyo pole, maana ndiyo iliyokuharibia siku. Sentensi yako haikuwa na kosa la sarufi. Ila "lo siento" ya Wahispania imebeba majuto au huzuni. Mtu huisema akikosa, au akipeleka rambirambi. Kwa hiyo yule mama alichosikia ni mwenyeji wake anamuomba radhi kwa safari, hata gari hawajapanda. Mimi pia ningeuliza hoteli imefanya nini.

Sisi pole tunampa mfiwa, aliyejikwaa, aliyepiga chafya, mwenye mzigo, anayetoka kazini na anayetoka safari. Kwao kila mmoja wa hawa ana lake. Anayetoka safari muulize "¿Qué tal el viaje?", kisha umuongezee "Estaréis cansados, ¿no?", naye atakumwagia yote, ndege ilivyochelewa na mtoto alivyolia njia nzima. Aliyepiga chafya mwambie "salud". Wengi Uhispania husema "Jesús", lakini "salud" inakutosha na haikuingizi kwenye mambo ya dini za watu. Aliyejikwaa: "¡Uy! ¿Estás bien?" Mwenye mzigo mpokee, huku unasema "trae, que te ayudo". Anayebaki na "lo siento mucho" ni mfiwa, na yule uliyemchelewesha.

Na "karibu" ndiyo hivyo hivyo. "Bienvenidos" sema mara moja tu, wakifika. Ukiwafungulia mlango ni "pasad, pasad". Wakikushukuru ni "de nada". Ukipita ukawakuta wanakula, "que aproveche", na hilo watalipenda sana kulisikia kwako kwa sababu halimo kwenye mtihani.

Haya, tuje kwenye jambo lenyewe. Wewe kusema unajua. Kuitikia ndiko hukufundishwa.

Kaa barazani jioni uwasikilize watu wawili wanaopiga soga. Mmoja anahadithia, lakini mwenzake hanyamazi: enhe, kumbe, ati nini, aa wapi, wallahi, haya. Akinyamaza, mwenye hadithi anasita, anauliza "unanisikiliza lakini?" Wahispania nao ndivyo walivyo, tena wamezidi. Wao wanakatana maneno, wanazungumza wawili kwa pamoja, na hakuna anayeona kavunjiwa heshima. Kwao ndiyo dalili kwamba habari imekuingia. Sasa mgeni anakuhadithia kitu, nawe unamsikiliza kimya, uso umetulia, mikono nyuma, kama ulivyofunzwa nyumbani usimkatize mkubwa. Yeye anachokiona ni mtu asiyefahamu. Anakuonea huruma, anahamia Kiingereza. Wala hakukudharau.

Ndiyo maana mwenzako anapendwa. Nyakati zake mbovu, lakini anayezungumza naye anajua kila saa kwamba anasikilizwa.

Nikupe mfano wa kazini kwako. Mgeni anakwambia: "Ayer fuimos a Jozani y no vimos ni un mono." Jana wamekwenda msitu wa Jozani na kima hata mmoja hawakumuona. Kwa barua yako nakisia ungemjibu hivi: "Yo lo siento mucho. Ustedes pueden ir otra vez mañana." Yaani unasikitika sana, na kesho wanaweza kwenda tena. Ni sahihi, na mazungumzo yameishia hapo, hana la kuongeza. Mwenzako, pamoja na ujinga wake wote, angesema kitu kama: "¿En serio? ¡Vaya! Pues normalmente hay un montón. ¿A qué hora fuisteis?" Yaani kweli? Loo! Mbona kwa kawaida huwa wengi, mlikwenda saa ngapi? Tazama alichofanya. Kwanza ameshangaa, kisha amesikitika kidogo pamoja naye, halafu ndiyo akaleta habari yake, na mwisho amemrudishia mgeni mpira kwa suali. Sentensi zenyewe fupi, hakuna hata moja ya kupangwa kichwani. Mgeni atakwambia walikwenda saa ngapi, nani aliwachelewesha, na kumbe mume alikuwa hajaamka, na hapo mmeshakuwa marafiki.

Kwa hiyo usijifunze neno moja moja, jifunze vipande vizima kwa kazi yake. Unakubaliana naye: "claro", "ya", "ya, ya". Umeshangaa: "¡no me digas!", "¿en serio?" Umefurahi kwa ajili yake: "¡qué bien!", "¡qué suerte!" Unakataa sifa au unapinga kitu bila ukali: "¡qué va!", ambayo kwa kazi yake naiona kama "aa wapi" yetu. Ahueni imepatikana: "menos mal". Mtu anakuomba radhi kwa jambo dogo: "no pasa nada". (Na "no problema" waachie watalii wa nchi nyengine, si Kihispania hicho.) Haya ukiyaweza mdomoni bila kufikiri, nusu ya kazi imekwisha.

Kisha maneno ya kuvutia muda. Ulisema unachelewa kwa sababu unapanga sentensi. Kila mtu anapanga, hata Mhispania mwenyewe, ila yeye anapanga huku anatoa sauti. Akiulizwa kitu anaanza "pues...", au "a ver...", au "bueno...", halafu ndiyo anafikiri. Wewe unafikiri kwanza kimya kimya, na kile kimya ndicho kinachokuuza. Ukiulizwa kisiwa cha Changuu kuna nini, anza tu "Pues mira...", mdomo ushatangulia, kobe watafuata. Ukipotea katikati ya sentensi, "o sea" itakurudisha njiani kama "yaani" inavyoturudisha sisi.

Kuna moja nataka uishike kuliko zote: "es que". Hii ndiyo inayobeba udhuru. Mgeni anataka muende Kizimkazi leo na bahari imechafuka. Ukimwambia "No, hoy no podemos ir" umemfungia mlango usoni. Ukimwambia "Es que hoy el mar está muy mal", hukutamka hata hiyo "hapana", na amekuelewa na hakuona ubaya. Sisi watu wa visiwani kukataa moja kwa moja hatukuwezi, sasa kumbe nao wana njia yao ya kuzunguka. Itumie pia wakikugeuzia Kiingereza: "Si no os importa, seguimos en español, es que quiero practicar." Iseme ukitabasamu. Mhispania gani atakataa?

Jengine linalokufanya usikike kama kitabu ni hiyo "yo". Katika barua yako haimo, lakini nimesomesha watu wa kutosha kujua kwamba imo. "Yo soy de Zanzíbar, yo trabajo aquí, yo tengo dos hermanos." Wewe kwa Kiswahili unasema "mimi ninatoka Unguja, mimi ninafanya kazi hapa, mimi nina ndugu wawili"? Kitenzi chao kinambeba mtendaji kama cha kwetu. "Tengo" peke yake inatosha, na "yo" unaileta pale tu unapojitenga na wengine: hao wanakwenda ufukweni, mimi nabaki, "yo me quedo". Mwingereza ana sababu ya kukosea hapa. Mswahili hana.

Sasa yule bibi. Haya yako naielewa na wala usiione ushamba. Lakini zingatia kwamba sisi wenyewe hatuna "usted". Mkubwa na mdogo wote ni "wewe", na heshima tunaiweka pengine, kwenye shikamoo, kwenye sauti, kwenye kumpisha mtu kiti. Uhispania ya leo iko karibu zaidi na hapo kuliko kitabu chako kinavyosema. "Tú" ndiyo ya kawaida dukani, mkahawani, baina ya watu waliokutana dakika ile. Familia nzima ni "vosotros", yaani nyinyi: "¿Qué queréis hacer hoy?", "¿Habéis comido?" Ukiwaambia "¿Qué desean hacer ustedes?" wanahisi wako benki, au wamepokewa na mtu aliyejifunza Mexico, kwa sababu Amerika ya Kilatini "ustedes" ndiyo ya watu wote na "vosotros" haitumiki. Kwa bibi wa umri ule anza na "usted", hakuna atakayekulaumu. Huenda mwenyewe akakwambia "trátame de tú" au "tutéame", yaani niite "tú", na akishasema usimrudishie tena "usted" kwa kuogopa. Hapo ndipo utamfanya ajione kizee. Na vijana walichekea ile "señora". Hiyo hufuatana na jina la ukoo. Jina la kwanza hufuatana na "doña", nayo siku hizi ina harufu ya zamani. Mwite jina lake tu, kisha mshike mkono kwenye ngazi za Ngome Kongwe. Heshima ataiona.

Lafudhi. Kihispania ni lugha ya dola katika nchi 20, mojawapo Guinea ya Ikweta hapa hapa Afrika, kwa hiyo Madrid ni mlango mmoja tu wa nyumba kubwa. Ile "th" ya "gracias" utaisikia sehemu kubwa ya Uhispania, lakini visiwa vya Canarias na Amerika yote ya Kilatini wanasema "s", na hakuna anayewaambia hawajui. Chagua moja ukae nayo. Isitoshe, Mswahili kaanza mbele. Irabu zao tano ni hizi hizi zetu. "Ñ" ni "ny" ya nyumba. "J" yao aliyepita chuo cha Kurani haimsumbui, ni "kh" ya kheri, ikipungua kidogo tu.

Kinachotusaliti ni mkazo. Sisi tunakandamiza silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kufikiri, na Kihispania kinatuhadaa kwa sababu maneno yao mengi nayo yanakwenda hivyo hivyo: casa, playa, barato. Kumbe neno likiishia konsonanti isiyokuwa n wala s, mkazo unahamia mwishoni: hotel, Madrid, comer, verdad. Na penye alama juu ya irabu, mkazo uko hapo hapo kwenye alama, hata kama ni mwanzo kabisa wa neno. "Sábado" yako ukiitamka kwa mkazo wa kati, mgeni anaweza kukuuliza mara mbili safari ni siku gani. Kwenye vitenzi ni hatari zaidi. "Llego" ni nafika mimi. "Llegó" ni alifika yeye. Unataka kuwaambia boti ilifika saa mbili asubuhi, "el barco llegó a las ocho", mkazo ukikurudi nyuma kwa mazoea, umesema boti nafika. Watakuelewa, lakini kila mara wanakulipia wao kwa kujitahidi, na mtu akiwa likizoni hataki kujitahidi. Chukua maneno yako ya kazi, yale unayoyasema kila siku, uyapitie mkazo tu. Usiguse kitu chengine wiki hiyo.

Na irabu zikikutana, ziunganishe. "¿Dónde está?" mdomoni mwao ni "dondestá". "Va a hablar" inakuwa "vablar". Ukizitenga moja moja kama unasomea watoto imla, basi ndiyo hicho kitabu unachokisema. Kinyume chake, mtu wa Andalucía, kusini mwa Uhispania, akikwambia "cansao" badala ya "cansado", wewe mfahamu tu. Huna haja ya kumuiga.

Hiyo "tío" achana nayo kwa sasa. Baina ya vijana wa Uhispania ni ya kawaida, lakini mgeni wa lugha akiirushia kila sentensi anasikika kama yule mtalii anayepita Darajani akimwambia kila mtu "poa kichizi kama ndizi". Tunacheka, tunampenda, na hakuna anayemwambia "unajua Kiswahili". Sasa mlinganishe na mgeni aliyekwambia "enhe" mahala pake, akamwamkia mzee "shikamoo", akasema "haya basi" anapoondoka. Huyo tunamuuliza kazaliwa wapi.

La kufanya nyumbani: acha kusikiliza taarifa ya habari. Msomaji wa habari anasoma, na wewe kusoma unakujua tayari. Redio ya taifa ya Uhispania, RNE, ina vipindi vyake kwenye intaneti bila malipo. Tafuta chenye watu wawili watatu wanaozungumza. Chukua dakika moja tu. Mara ya kwanza usimfuate anayehadithia, mfuate anayeitikia: ameingilia wapi, kwa neno gani, kwa sauti ya kupanda au kushuka. Kisha cheza tena uitikie pamoja naye, kwa kasi yake, kwa sauti hasa, siyo kunong'ona. Jirekodi kwenye simu ujisikilize. Utaona haya, sawa, ona haya kisha urudie. Na huyo mwenzako fanya naye biashara. Wewe mnyooshee nyakati zake, yeye mkae barazani akuhadithie safari zake za Nungwi kwa Kihispania, kazi yako iwe kumuitikia tu. Usimsahihishe mpaka amalize.

Tahadhari moja kabla sijaacha kalamu. "Coger" ya Uhispania ni neno safi, wanakamata nayo basi, teksi na boti kutwa nzima. Kwa mtu wa Argentina au Mexico lina maana chafu, na siwezi kukuandikia hapa, wasomaji wengine ni watoto. Wakikujia hao, boti wewe "toma" tu. Na Waargentina wana na "vos" yao badala ya "tú": hawasemi "tú tienes", wanasema "vos tenés". Usianze kuikariri leo. Ukipata kundi lao niandikie, tutaizungumza.

Shangazi